Msingi wa Vyumba Vinane

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kufika bombani kila asubuhi. Nyumba waliyopanga ilikuwa na wapangaji wengi na bomba moja tu uani. Ukichelewa, unakuta foleni ya ndoo imefika mlangoni kwa jirani. Akishajaza maji, anaamsha watoto, anachemsha chai, kisha anakwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara kubwa. Alitengeneza milango, madirisha na mageti. Mkono wake ulikuwa mzuri, na watu walitoka mbali kumtafuta.

Walikuwa watano katika vyumba viwili. Chumba kimoja cha mume na mke. Cha pili cha mabinti zao pacha, waliokuwa sekondari, pamoja na bibi yao, mama mzazi wa Baba Pacha.

"Mimi na wajukuu zangu tunalala kama njiti za kiberiti," Bibi alipenda kusema. "Mmoja akigeuka, wote tunageuka."

Watoto walicheka. Baba Pacha naye alicheka, lakini hakumtazama mama yake usoni.

Si kwamba hawakuwa na kiwanja. Walikuwa nacho, pembeni ya mji. Walikinunua pacha wakiwa bado wanatambaa. Siku ile Mama Pacha alikataa kutoa hata senti kabla hawajakwenda wote ofisi ya ardhi kuhakikisha mwenye kiwanja ni nani, na kama hakina mgogoro. Baba Pacha alinung'unika kwamba mkewe anamtia aibu mbele ya muuzaji. Lakini walikwenda. Kiwanja kilikuwa safi, na hati ikaandikwa kwa majina yao wawili. Mama Pacha akaifungia ndani ya sanduku lake la nguo.

Mambo yaliharibika kwenye kujenga.

"Tuanze na vyumba viwili na choo," Mama Pacha alisema. "Tuhamie. Tukishaacha kulipa kodi, tutaongeza."

"Viwili?" Baba Pacha alishangaa. "Mimi ndiye ninayewatengenezea watu mageti, halafu nikae kwenye kibanda? Mafundi wenzangu watanicheka mpaka wachoke."

Akatafuta mchoraji. Ramani ikaja na vyumba vinane, sebule mbili na baraza ya kuzunguka. Ilikuwa nyumba nzuri sana kwenye karatasi. Msingi wake ulimeza akiba yao yote. Mawe yaliingia, saruji ikaingia, nondo zikaingia, na ardhi ikawa kama haijashiba. Kuta zilipofika kiunoni, fedha ikaisha.

Nyasi zikaota sebuleni.

Kila mwaka Baba Pacha alinunua kitu kidogo. Mwaka mmoja alinunua mchanga, mvua ikausomba. Mwaka mwingine alinunua mifuko ya saruji, ikaganda stoo ikawa mawe. Mwaka mwingine akatengeneza geti kubwa la nyumba yake, lenye maua ya chuma juu. Geti lenyewe akalihifadhi karakana, kwa sababu ukuta wa kulishikilia haukuwapo.

Jumapili moja alimpeleka mama yake kuona kiwanja. Bibi alipita katikati ya nyasi, akishika kuta kwa mkono. Alifika kwenye kona ya nyuma, akakaa juu ya matofali.

"Mwanangu, chumba changu ni kipi?"

"Hicho hicho ulichokaa, Mama. Nimekuwekea karibu na choo, usitembee mbali."

Bibi alitazama huku na huku. "Basi kiezeke hiki kimoja. Nitakaa na mjukuu mmoja. Mimi sina haja ya sebule mbili, sebule ya kufanyia nini?"

Baba Pacha akacheka. "Vumilia kidogo, Mama. Nataka uingie kwenye nyumba, siyo kwenye chumba."

"Haya," alisema Bibi. "Wewe ndiye unayejua."

Hakuuliza tena. Baadaye, Baba Pacha aliwaza mara nyingi kwamba heri mama yake angeuliza tena. Heri angemgombeza.

Miaka ikapita. Miguu ya Bibi ikaanza kuvimba. Choo cha wapangaji kilikuwa ng'ambo ya ua, na mvua ikinyesha, ua wote ulikuwa tope. Pacha walimshika huku na huku kumvusha. Siku moja waliteleza wote watatu. Bibi aliwafanyia mzaha, akasema sasa amejua kwa nini bata hawavai viatu. Lakini tangu siku ile alianza kunywa maji kidogo, ili asiwasumbue watoto kumpeleka chooni.

Mama Pacha aligundua. "Mama, unajinyima maji?"

"Sina kiu, mwanangu."

Alimpeleka hospitali. Daktari alisema figo zimechoka, naye amechelewa kuletwa. Walirudi naye na dawa. Wakati wa masika hayo hayo, Bibi alifariki kwenye kile kitanda alicholala na wajukuu zake.

Ndugu walikuja kutoka mbali. Mkubwa wao alikuwa mjomba wake Baba Pacha, mdogo wa marehemu. Alishuka na mfuko wake, akampa mpwa wake pole, akamshika bega kwa muda. Kisha akatazama ule ua uliojaa ndoo na kamba za nguo.

"Sasa twende nyumbani kwako, baba," alisema taratibu. "Watu ni wengi, hapa hatutoshi. Dada alituambia una nyumba ya vyumba vinane."

"Bado, Mjomba," alisema Baba Pacha.

"Bado nini?"

"Bado haijaisha."

"Hata chumba kimoja?"

Baba Pacha alitikisa kichwa. Mjomba aliweka mfuko wake chini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya mlango. Waombolezaji wengine walikaa barabarani, magari yakipita karibu na miguu yao. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye wapangaji wote walimwita Shangazi, aliwaona. Akafungua mlango wa sebule yake mwenyewe, akawaingiza wazee na wanawake. Marehemu aliagwa kwenye sebule ya mwenye nyumba.

Baada ya mazishi, Baba Pacha hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda karakana, akarudi, akala kidogo, akalala. Kisha jioni moja alirudi na macho makali.

"Mama Pacha, nipe ile hati ya kiwanja."

"Ya nini?"

"Nimepata mtu wa kunikopesha. Fedha yote kwa mara moja. Nitaimaliza nyumba nzima mwaka huu huu."

"Na hati ya nini?"

"Anaishika kama dhamana. Nikimaliza kulipa, anairudisha."

"Na usipomaliza?"

"Nitamaliza! Nani kakwambia sitamaliza?"

"Riba yake ikoje? Umesoma mkataba?"

Baba Pacha aligonga meza. "Mama yangu amekufa akiwa mpangaji! Unataka nikae tena nisubiri?"

Mama Pacha alikaa kwenye sanduku lake la nguo. Alikuwa analia, lakini hakuondoka pale. "Nami nilimpenda," alisema. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Lakini hati hii haitoki leo."

Kesho yake alipotoka kazini, alibisha hodi kwa Shangazi. Walisalimiana, akakaribishwa kiti. Alimweleza yote, kuanzia nyasi za sebuleni mpaka mtu wa mkopo.

Shangazi alisikiliza akikunja khanga yake mapajani. "Mwite mume wako," alisema. "Mwambie nimemwita mimi. Asije kwa kulazimishwa, aje kunywa chai."

Baba Pacha alikuja na mkewe. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nataka nikuonyeshe kitu." Alielekeza kidole dirishani. "Unaona chumba kile anachokaa kinyozi? Nyumba hii yote ilianzia pale. Nilikuwa mpishi wa shule. Nilijenga chumba kile kimoja, kwa mabati yaliyotumika. Watu walipita wakisema nimejenga banda la mbuzi."

"Ukahamia?"

"Sikuhamia. Nilikipangisha. Mimi niliendelea kulala kwa dada yangu, tukibanana. Kodi ya chumba kile sikuila. Niliipeleka chama cha akiba na mikopo, na kila mwezi niliongeza kidogo kutoka kwenye mshahara. Ikatosha kujenga cha pili. Vyumba viwili vikajenga cha tatu. Havikuja upesi. Kuna miezi chumba kilikaa bila mpangaji, na kuna mwaka bati liling'oka na upepo. Ndiyo maana sehemu ya kodi niliiweka kando kwa matengenezo. Lakini kila nilichojenga kilikuwa kimekwisha, kina mlango, kina mtu ndani."

Baba Pacha alitazama sakafu.

"Na hii sebule tuliyokaa," Shangazi aliendelea kwa sauti ya chini, "mmeijenga ninyi. Kwa kodi yenu. Sikuwaibia, mwanangu, mmelala kwenye vyumba vyangu. Lakini miaka yote uliyokuwa unasubiri kujenga nyumba kubwa, ulikuwa unajenga. Ila ulikuwa unanijengea mimi."

Nje, mtu alikuwa anapiga kelele kwamba ndoo yake imesogezwa kwenye foleni.

"Kwa nini unatuambia haya?" Baba Pacha aliuliza. "Tukihama, utakosa kodi."

"Wapangaji ni wengi. Mama yako alikuwa rafiki yangu, naye alikuwa mmoja tu." Shangazi akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Ningesema mapema. Nilikuwa namwona anavyovushwa kwenye tope. Nikajiambia si mambo yangu. Na ukweli ni kwamba kodi yenu haikuwahi kuchelewa. Ilinifaa. Hilo nalo litanikaa moyoni."

Kisha aliuliza kuhusu mkopo. Baba Pacha alieleza. Mkopeshaji alitaka marejesho kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza.

"Nyumba ambayo haijaisha italipaje?" Shangazi aliuliza. "Itabidi ulipe kwa mapato ya karakana. Mwezi kazi zikikosekana, unashindwa kulipa. Miezi michache ukishindwa, kiwanja kinakwenda. Kukopa si vibaya. Mimi nilikopa kwenye chama. Lakini nilikopa kidogo, kwa riba niliyoielewa, kumalizia chumba ambacho mpangaji wake nilikuwa tayari namjua. Usiweke kiwanja rehani kwa sababu una uchungu."

Neno hilo lilimwingia. Baba Pacha aliinama, akalia mbele ya wanawake wale wawili. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumapili wote watatu walikwenda kwenye kiwanja pamoja na fundi mwashi. Shangazi alivua viatu, akaingia kwenye nyasi. Alizunguka kuta zote, akarudi kwenye kona ya nyuma.

"Hapa," alisema. "Kona hii ina vyumba vitatu vilivyoungana, na choo kiko karibu. Pandisheni kuta za hapa tu. Viwili vyenu. Cha tatu kipasulieni mlango wa nje, kiwe cha kupangisha. Kwingine kote acheni nyasi ziote."

Baba Pacha aliyatazama matofali ya pale. Hicho cha tatu ndicho chumba alichokaa mama yake juu ya matofali.

"Hicho ndicho?" Mama Pacha alimuuliza kwa upole.

"Ndicho."

"Tunaweza kukiacha. Tupangishe kingine."

"Hapana," alisema. "Kiezekwe. Kimekaa wazi vya kutosha."

Fundi mwashi aligonga kuta kwa nyundo yake. Alisema msingi ni imara, lakini safu za juu za matofali zimelika kwa mvua, itabidi zitolewe. Aliwashauri waende kwanza halmashauri, kwa kuwa kibali chao kilikuwa cha zamani. Walikwenda. Ofisa aliwaeleza kwamba inaruhusiwa kujenga kwa awamu, mradi ramani ionyeshe hivyo na choo kiwe cha kwanza. Walisubiri wiki kadhaa. Baba Pacha alikosa subira, lakini Mama Pacha alimwambia kubomolewa kwa kukosa kibali ndiko kunakochelewesha zaidi.

Fedha ilitoka sehemu tatu. Mama Pacha alikuwa na akiba yake kwenye chama cha wafanyakazi wa hospitali. Baba Pacha alitengeneza madirisha na milango yote kwa mkono wake, kutoka kwenye vyuma vilivyobaki karakana. Kisha akauza lile geti lenye maua. Mnunuzi alilisifu sana. Baba Pacha alimsaidia kulipakia kwenye gari, akarudi ndani kuendelea na dirisha. Geti lile likawa mabati.

Walihama kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu, kuta hazikuwa na rangi. Pacha walikimbia chumba hadi chumba wakisikiliza sauti zao. Kisha mmoja wao akasimama.

"Choo kiko karibu," alisema. "Hatua chache tu. Bibi angefika mwenyewe."

Baba Pacha alitoka nje. Mama Pacha alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta.

"Vyumba vitatu," alisema. "Mwaka tuliochimba msingi, fedha ilitosha vyumba vitatu na ikabaki. Si ndiyo?"

Mama Pacha angeweza kumdanganya. "Ilitosha," alijibu. Akasimama naye pale mpaka alipokuwa tayari kurudi ndani.

Mpangaji wao wa kwanza alikuwa muuguzi kijana, mfanyakazi mwenzake Mama Pacha. Waliandikiana mkataba: kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, nani anatengeneza kitu kikiharibika, na mtu akitaka kuondoka atoe taarifa ya muda gani. Kila upande ukabaki na nakala yake. Kodi ile hawakuila. Pia, kila mwezi, Mama Pacha alitenga kiasi kile kile walichokuwa wakimlipa Shangazi.

"Tunaendelea kulipa kodi," aliwaambia watoto. "Ila sasa tunajilipa wenyewe."

Baada ya mwaka na nusu, waliezeka chumba cha nne, akaingia fundi wa redio na mkewe. Cha tano kimefika usawa wa madirisha sasa. Nyasi bado zipo sebuleni, na Baba Pacha hazimsumbui tena. Mafundi wenzake walimcheka kweli, kama wiki moja. Kisha mmoja akaja kumuuliza kimya kimya ile ofisi ya vibali iko wapi.

Mwezi uliopita, dereva mmoja kijana alikuja karakana na mkewe. Walikuwa wametoka kuchimba msingi. Walikunjua ramani juu ya meza.

"Tunataka bei ya madirisha ya nyumba nzima, Mzee," alisema dereva. "Vyumba tisa."

Baba Pacha aliitazama ramani. Ilikuwa nzuri sana. Alichukua penseli, kisha akairudisha mezani.

"Kwa sasa mnakaa wapi?"

"Tumepanga, vyumba viwili."

"Na nani?"

"Mimi na mke wangu, mtoto, na mama mkwe wangu."

"Anatembea vizuri?"

Mke wa dereva alishangaa. "Nani, mama? Anajikongoja. Magoti yanamsumbua."

Baba Pacha alivuta viti vitatu. "Kaeni. Leo siwauzii madirisha tisa. Nitawatengenezea mawili na mlango mmoja, na kabla ya hapo nitawaeleza kwa nini."

Dereva alicheka. "Mzee, unaifukuza kazi?"

"Naifukuza."

Aliwaeleza yote. Hakujificha. Alipofika kwa yule mjomba aliyekaa juu ya ndoo, mke wa dereva aliacha kutazama ramani, akamtazama yeye. Alipomaliza, dereva alikuwa hacheki tena.

Baba Pacha aliigeuza ramani ikamwelekea yule mwanamke. Akampa penseli.

"Mama anapenda jua la asubuhi au la jioni?"

"La asubuhi. Analiota pale mlangoni kila siku."

"Basi weka alama vyumba viwili upande huo," alisema. "Na mwanzie hapo."